Harambee ya picha ije kabla ya kuuza shamba

Mwezi uliopita ndugu wawili waliingia katika kliniki yangu hapa Endebess, mmoja akimshika mwenzake mkono. Yule mkubwa alikuwa na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na karatasi ambazo kijana wake alimchapia kutoka kwenye intaneti. Ya pili ilikuwa na hati ya shamba. Aliziweka zote mbili mezani, akaketi, kisha akaniuliza: "Daktari, hii dawa inayopandwa ndani ya kichwa, tukiuza ekari tatu pesa zitatosha?"

Mgonjwa alikuwa yule mdogo, mkulima wa mahindi mwenye umri wa miaka 48 na baba wa watoto wanne. Wiki nne kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa kichwa na kutolewa uvimbe. Majibu ya maabara yalionyesha kwamba uvimbe huo ulikuwa glioblastoma, mojawapo ya saratani kali mno zinazoanzia katika ubongo wenyewe.

Swali la mzee huyo limenikaa moyoni tangu siku ile. Najua kwamba Kitale, Bungoma, Eldoret na hata Nairobi wako wasomaji wa ukurasa huu ambao familia zao zimewahi kuketi mbele ya bahasha kama hizo. Kwa hiyo juma hili ningependa kueleza dawa hiyo ni kitu gani, inaweza nini na haiwezi nini, na kwa nini nilimwomba mzee airudishe hati ya shamba nyumbani. Hesabu nitakazotaja ni za watafiti. Maoni ni yangu.

Ukuta kati ya damu na ubongo

Ukimeza kidonge au ukidungwa sindano, dawa huingia katika damu na kuzungushwa mwili mzima. Hufika kwenye ini, figo, mapafu na misuli bila shida kubwa. Ubongo una ulinzi wa ziada. Mnamo mwaka 1885 mwanasayansi wa Kijerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi katika damu ya wanyama akaona kwamba karibu kila kiungo kilishika rangi ila ubongo. Baadaye ilifahamika kwamba seli za kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebanana sana, hata vitu vingi vilivyomo katika damu haviwezi kupenya.

Sisi wa Endebess tunaweza kuufananisha ukuta huo na kituo cha forodha cha Suam, pale mpakani na Uganda. Hewa safi na sukari ya damu zina kibali, zinapita. Pombe nayo hupita, ndiyo maana mlevi huyumba. Sumu nyingi hurudishwa, na hilo ni jambo jema. Ubaya ni kwamba mlinzi huyu hatofautishi sumu na dawa. Dawa nyingi za saratani hufika mpakani na kurudishwa, ilhali ugonjwa uko upande wa pili.

Afrika Mashariki ililijua tatizo hili mapema. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000 hivi kuelekea kusini mwa Afrika wakichunguza unakopatikana. Walibaini kwamba nyanda za juu zenye baridi zilikuwa karibu salama. Ndiyo sababu ugonjwa huo huonekana zaidi Bungoma na kuelekea ziwani kuliko huku kwetu juu ya mlima.

Saratani hiyo ya watoto ilisalimu amri kwa dawa kwa namna ya kustaajabisha. Lakini katika kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, madaktari, akiwemo John Ziegler, waliona jambo la kuhuzunisha. Mtoto ambaye taya lake lilikuwa limenywea kabisa alirudi na ugonjwa ule ule katika ubongo na neva za uso. Saratani ilikuwa imejificha nyuma ya ukuta. Ikabidi dawa ya methotreksati idungwe kupitia uti wa mgongo ili iingie katika maji yanayouzunguka ubongo. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Basi wazo la kuuzunguka ukuta si geni kwetu. Yaliyokuwa katika karatasi za yule mzee ni tawi jingine la wazo hilo.

Dawa kwenye moyo wa mmea

Mwaka 1976 mhandisi wa kemikali Robert Langer na daktari wa upasuaji Judah Folkman, wakiwa Boston nchini Marekani, walionyesha kwamba hata molekuli kubwa zaweza kufungiwa ndani ya polima zikawa zinatoka polepole kwa siku nyingi. Polima ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vilivyounganishwa. Plastiki ya jagi lako ni polima, na nailoni pia. Lakini zipo polima ambazo mwili unaweza kuzivunja na kuzitoa. Iwapo umewahi kushonwa kwa uzi ambao hukurudi hospitali kutolewa, yamkini umekwisha kubeba mojawapo. Na akina mama wanaotumia kijiti cha kupanga uzazi wanajua kwamba dawa yaweza kukaa chini ya ngozi ya mkono ikitoka kidogo kidogo kwa miaka. Tofauti ni kwamba kijiti hakiyeyuki, sharti kije kitolewe.

Baadaye Langer alishirikiana na Henry Brem, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Johns Hopkins mjini Baltimore. Walichukua dawa ya zamani ya saratani iitwayo kamustini. Dawa hii ikipitishwa katika mshipa wa damu hudhoofisha uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na yaweza kuharibu mapafu. Wakaichanganya na polima, wakaiminya ikawa vipande vya mviringo vyenye upana wa milimita 14.5, yaani vidogo kuliko sarafu ya shilingi moja, na unene wa milimita moja. Kila kipande hubeba miligramu 7.7 za dawa. Jina lake la biashara ni Gliadel.

Daktari akishautoa uvimbe, hubaki shimo. Kuta za shimo hilo hupangwa vipande hivyo, visizidi vinane, kisha kichwa hufungwa. Maji ya mwilini huimenya polima tabaka kwa tabaka, kama kipande cha sabuni kinavyoisha katika beseni, na dawa hutoka kwa muda wa wiki mbili tatu hivi. Hakuna haja ya kufungua kichwa tena ili kuvitoa.

Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kufundishwa busara ya jambo hili. Viwavijeshi walipovamia mahindi yetu mwaka 2017, tulijifunza kwamba kunyunyiza dawa juu ya majani hakutoshi, kwa kuwa mdudu hujificha ndani ya moyo wa mmea. Dawa ilibidi itiwe pale pale kwenye moyo. Kipande cha Langer na Brem ni akili hiyo hiyo.

Lakini mkulima huyo anajua jambo la pili pia. Dawa iliyotiwa kwenye moyo wa mche mmoja haimfikii mdudu aliyekwisha kuhamia mche wa jirani. Kamustini inayotoka katika vipande hupenya milimita chache tu za ubongo unaolizunguka shimo. Glioblastoma nayo hutuma seli zake mbali zaidi ya hapo, mahali ambapo hata jicho la daktari aliyeshika kisu haliwezi kuziona.

Miezi miwili

Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa 222 ambao saratani yao ya ubongo ilikuwa imerudi. Walipasuliwa katika hospitali 27 za Marekani na Kanada. Takriban nusu yao waliwekewa vipande vyenye dawa, waliobaki wakawekewa vipande vitupu. Ukiwapanga foleni kulingana na muda walioishi, mgonjwa wa katikati katika kundi la dawa aliishi wiki 31, na yule wa kundi la vipande vitupu wiki 23. Marekani iliidhinisha vipande hivyo mwaka 1996.

Mwaka 2003 yakaja matokeo ya wagonjwa 240 ambao ugonjwa wao ndio kwanza umegunduliwa. Hapa mgonjwa wa katikati aliishi miezi 13.9 akiwa na vipande vya dawa, na miezi 11.6 bila dawa. Tofauti katika tafiti zote mbili ni kama miezi miwili. Pamoja na faida hiyo kuna madhara yanayoweza kutokea: ubongo kuvimba, kifafa, jeraha kuchelewa kupona, maji ya ubongo kuvuja na maambukizi kuingia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Ulaya na Kanada walitoa habari za wagonjwa 573 wa glioblastoma. Baadhi walipewa tiba ya miale peke yake, wengine miale pamoja na vidonge vya temozolomidi. Molekuli ya dawa hii ni ndogo kiasi cha kuupenya ukuta niliouzungumzia, kwa hiyo mgonjwa humeza tu. Mgonjwa wa katikati aliyepata miale na vidonge aliishi miezi 14.6, na yule wa miale peke yake miezi 12.1. Baada ya miaka miwili, karibu wagonjwa 27 kati ya 100 waliopata vidonge walikuwa hai, ikilinganishwa na 10 kati ya 100 wa miale peke yake. Tafiti hizi hazifai kulinganishwa moja kwa moja, kwa maana wagonjwa walikuwa tofauti. Lakini ni wazi kwamba kidonge cha kumeza hakikuachwa nyuma na kipande cha kupandwa.

Nilichomwambia mzee

Nilimweleza mzee mambo manne. La kwanza, vipande hivyo huwekwa siku ile ile ya kutoa uvimbe. Ndugu yake alikuwa amekwisha kufungwa kichwa. Kumwekea sasa maana yake ni kumpasua upya, wiki chache baada ya kisu cha kwanza.

La pili, saa ilikuwa inakwenda. Tiba ya miale yafaa kuanza wiki chache baada ya upasuaji. Kutafuta mnunuzi wa shamba, pasipoti, viza na tiketi ya kwenda India kungemaliza wiki hizo zote, na mgonjwa angekosa kwa wakati wake tiba yenye manufaa ambayo tayari ameandikiwa.

La tatu, gharama. Nchini Marekani seti moja ya vipande vinane imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 10,000, kabla hujahesabu chumba cha upasuaji wala kitanda. Tena vipande hivyo huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri. Mtu anayekuahidi kwamba atakuletea kwa mkoba, msomaji, mkimbie.

La nne ndilo gumu kulisema. Hata kama vipande vingekuwa vya bure, na vingewekwa siku ile ya kwanza, vingetarajiwa kuongeza miezi miwili hivi. Havikuwahi kuahidi kuponya.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na angekuwa ndugu yako, Daktari?"

Msomaji, hilo si swali la kujibiwa kwa haraka. Miezi miwili si kitu kidogo kwa mtu mwenye watoto. Siwezi kumcheka anayetaka kuinunua, na wako watakaoniona mchoyo kwa kuandika haya. Lakini nilikumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa tatu chumbani ambaye hatukuwa tumemwuliza chochote. Nikamgeukia mgonjwa.

Alisema polepole, kwa sababu ulimi ulikuwa mzito: "Mtoto wangu wa kwanza yuko kidato cha tatu. Nataka nimwone akimaliza. Na hizo ekari tatu ndizo karo yake."

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa hili. Angekuwa ndugu yangu, ningeuza mahindi, nisiuze shamba. Pesa za mahindi ningezitumia kwa chumba cha kupanga karibu na hospitali, maana tiba ya miale kwa kawaida ni siku tano kila wiki kwa wiki sita, na wagonjwa wengi huiacha njiani kwa kukosa nauli na mahali pa kulala. Ningehakikisha anapata temozolomidi, dawa za kuzuia kifafa asizikose hata siku moja, na deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa ubongo kwa kipimo cha daktari wake. Na maumivu yakija, ningedai apewe mofini bila aibu. Yote hayo ni mambo ya zamani yasiyoandikwa kwa herufi kubwa magazetini, lakini ndiyo yatakayompa siku za kuketi barazani na watoto wake akiwatambua kwa majina.

Miezi mitano

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mgonjwa huyu alikuja kwangu mara ya kwanza mwezi wa Machi, wakati wa kupanda. Alisema kichwa kinamwuma hasa alfajiri, na kwamba alikuwa ametapika mara mbili bila kichefuchefu. Nilimpima malaria. Hakukuwa na vijidudu. Nikampa dawa za malaria hata hivyo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na yeye mwenyewe aliziomba. Kifaa cha kuchungulia nyuma ya jicho, ambacho huweza kuonyesha kama shinikizo ndani ya kichwa limepanda, ninacho kabatini. Siku hiyo sikukitoa.

Wakati wa palizi alikwenda kliniki nyingine, akatibiwa homa ya matumbo. Mwezi wa Juni alianguka kifafa shambani, na kwa kuwa hakuwahi kuanguka utotoni, jamaa walisema ni mapepo. Julai ikaisha katika maombi na dawa za miti. Agosti mkono wa kulia ulipolegea ndipo akapelekwa Eldoret, akapigwa picha ya CT, na uvimbe ukaonekana ukiwa mkubwa kuliko yai la kuku.

Ni miezi mitano. Sisemi kwamba angepona. Glioblastoma ni adui mbaya hata akikamatwa mapema. Ninachosema ni kwamba angefika kwa mpasuaji akiwa bado anatembea na kuzungumza vizuri, na hali ya mgonjwa siku anapopasuliwa ina uzito mkubwa katika yale yanayofuata. Tunawazia kuuza shamba kununua miezi miwili ya mwisho, ilhali mitano ya kwanza tuliitupa wenyewe, nami nikiwa mmoja wa waliotupa.

Si kila uvimbe ni saratani

Maumivu mengi ya kichwa si uvimbe wa ubongo, na sitaki msomaji alale na hofu usiku wa leo. Lakini usikubali kuendelea kumeza dawa za malaria ukiona mambo haya: maumivu mapya ya kichwa yanayozidi juma hata juma, hasa yanayokuamsha alfajiri na kuandamana na kutapika, kifafa kinachoanza ukubwani, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, macho kuona mbilimbili au kufifia, ulimi kuwa mzito, au mtu mpole kubadilika tabia bila sababu. Hapo usiombe sindano. Omba barua ya kupigwa picha.

Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, nayo watu wengi hawaijui. Si kila uvimbe ndani ya fuvu ni saratani. Upo uvimbe wa utando wa ubongo, meninjioma, ambao mara nyingi hukua polepole na waweza kuponywa kwa upasuaji. Kifua kikuu huweza kufanya donge ndani ya ubongo, na donge hilo hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Jipu la ubongo hutolewa usaha. Hapa magharibi mwa Kenya tunakofuga nguruwe, mayai ya tegu ya nguruwe yakimezwa kwa uchafu huweza kuleta vifuko ndani ya ubongo, na vifuko hivyo huleta kifafa kwa watu wazima. Nayo ina dawa. Anayesema "ni mapepo" na anayesema "ni saratani, hana lake" wote wawili wanakosea kwa namna moja: wanahukumu kabla ya kutazama.

Kuna pia hofu ya kisu. Nasikia kila mara kwamba kichwa kikifunguliwa mtu harudi, na kwamba mambo hayo ni ya Wazungu. La hasha. Majirani zetu Abagusii walikuwa na wapasuaji wao wa jadi waliofungua mfupa wa fuvu kumtibu aliyeumia kichwa, na habari zao ziliandikwa na madaktari katika karne iliyopita. Na ng'ambo ya mlima wetu wa Elgon, mjini Mbale, hospitali ya watoto ya CURE ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mahali ambapo Daktari Benjamin Warf aliendeleza njia mpya ya kuwatibu watoto wenye kichwa maji. Kwa kawaida watoto hao huwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, nao mrija huziba au kuingia vijidudu, jambo la hatari kwa mtoto anayeishi mbali na hospitali. Warf alitumia kamera nyembamba kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo wenyewe, ili watoto wengi wasihitaji mrija. Njia hiyo iliigwa hata Marekani.

Naitaja Mbale kwa sababu inaonyesha namna ya kufikiri. Waliotengeneza kipande cha polima walijiuliza: katika hospitali yenye kila kitu, dawa inakwama wapi? Wakajibu: inakwama kwenye ukuta kati ya damu na ubongo. Mbale walijiuliza: mtoto wetu anakwama wapi? Wakajibu: anakwama kwenye mrija ulioziba kijijini. Nasi wa Trans Nzoia na Bungoma hatuna budi kujiuliza. Jibu langu ni kwamba mgonjwa wetu hukwama kabla hajakutana na ukuta wowote wa ubongo. Hukwama kwenye benchi la kliniki kama yangu.

Harambee ya picha

Katika miaka yangu ya udaktari nimealikwa kwenye harambee nyingi za kumpeleka mgonjwa India. Watu hutoa, na roho hiyo ni nzuri. Lakini sijawahi kualikwa hata mara moja kwenye harambee ya kumpeleka mtu Eldoret kupigwa picha. Picha ya CT hugharimu bei ya magunia machache ya mahindi. Ndugu watano wakichanga, imelipwa kabla jua halijatua. Kwa kuwa ni pesa kidogo, hakuna anayeitisha mkutano, na mgonjwa anaachwa "aangalie kwanza". Ombi langu kwa koo, makanisa, misikiti na vyama vya akina mama ni hili: changeni mapema, wakati pesa kidogo zinaweza kubadilisha jambo kubwa. Na tangu SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, jiandikisheni na mlipe mkiwa wazima, msingoje kitanda.

Kwa serikali za kaunti, ambazo zimekuwa zikisimamia hospitali zetu tangu 2013, ombi ni la aina hiyo hiyo. Hatuhitaji hotuba juu ya teknolojia ya Marekani. Tunahitaji mashine ya picha inayofanya kazi hata Jumapili, mtu wa kuisoma, maabara inayojibu kwa siku badala ya wiki, na mofini isiyoisha stoo. Na mashine zitunzwe. Aprili 2016 mashine ya miale ya Mulago ilikufa, na nchi nzima ya Uganda ikakaa bila tiba hiyo hadi mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Jirani akinyolewa, zako tia maji.

Kwa wenzangu madaktari na maafisa wa kliniki nasema hivi: kipimo cha malaria kikisema hakuna, basi hakuna. Toeni vile vifaa vya macho kabatini. Mimi nimekitoa changu, kiko juu ya meza.

Ndugu wale waliondoka baada ya saa nzima. Mgonjwa ameanza tiba ya miale, na mkewe amepanga chumba karibu na hospitali. Mahindi yanavunwa na majirani kwa zamu. Siku ile mzee aliirudisha bahasha ya hati ya shamba ndani ya koti lake, akafunga kifungo. Zile karatasi za intaneti aliniachia.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yuko anayeamka alfajiri akishika kichwa, usimsubiri hadi mkono ulegee. Mpeleke juma hili, na ukifika, uliza habari ya picha.